Matone ya Karani

Miaka kumi na mitatu Karani alipigana na upepo wa Kongwa.
Agosti hii upepo umemshinda, jicho la kushoto.
Alianza kwa kulifumba, kama mtu anayelenga manati.
Kisha tongotongo, kisha akawa anagonga vitu:
ndoo, kinu, mguu wa kitanda,
na kila akigonga husimama kidogo, kana kwamba anaomba radhi.

Daktari Chilewa kaja na pikipiki, mikono yanuka josho.
Ng'ombe za watu zinamngoja Mlali,
lakini kapiga goti kwenye vumbi langu.
Kadondosha rangi ya chungwa, kaniambia nifunge mlango,
kamulika kwa kitochi cha buluu.
Katikati ya jicho pakaota kijani,
kijani cha majani ya kwanza ya Desemba,
mahali ambapo jani halina kazi.
"Kidonda," akasema. "Kimechimba. Bado hakijatoboa."

Angekuwa kijana, kungekuwa na sindano ya usingizi
na uzi mwembamba kuliko unywele.
Lakini kifua kinapiga mluzi, moyo unaruka hatua,
na figo, kwa anavyokunywa maji kama trekta bovu,
figo zimechoka kuchuja.
"Nikimlaza, sina hakika nitamwamsha.
Dawa ya maumivu niliyo nayo itazimaliza figo.
Na hiyo ya macho uliyobakiza kabatini, ya mwasho,
usithubutu. Ina steroidi. Italila jicho kwa usiku mmoja."

Akabaki na jambo moja.
Akamtoa damu mguuni, bomba dogo,
akaiacha itulie mpaka ikagawanyika:
chini wekundu, juu maji ya njano, mfano wa mafuta ya alizeti.
"Hii ndiyo dawa. Yake mwenyewe.
Tone kila baada ya saa mbili, na hii ya kuua vijidudu,
uziachanishe dakika tano. Usiku pia."

Usiku pia.
Chupa nimeilaza kando ya mtungi, kwenye ubaridi,
maana umeme wa huku una tabia zake.
Ndoo ya rangi nimeikata kitako, nikamvisha shingoni asijikune.
Anatembea kama tarumbeta iliyopotelewa na bendi.
Masagasi kapita na punda wake:
"Mama Nyemo, mbwa mzee dawa yake jiwe moja."
Nikamwambia, mawe ninayo. Hayajawahi kunipungukia.

Saa nane za usiku, kiganja chini ya taya lake,
namkumbuka mama.
Vikope vilimgeuzia kope ndani,
zikamkwaruza mboni kila alipopepesa,
nami, wa miaka tisa, nilishika kibano cha fundi saa
nikizing'oa moja moja kwenye mwanga wa kibatari.
"Ngoja," alikuwa akisema. Kisha, "Haya."
Zikaota tena. Tukang'oa tena.
Hospitali ya macho ilikuwa mbali,
na nauli ilikuwa mbali zaidi.

Karani hasemi ngoja.
Anapumua tu, harufu ya figo, kama shilingi ya zamani.
Tone. Dakika tano. Tone.

Siku ya kumi na moja Chilewa kamulika:
kijani kimebaki punje ya uwele.
Siku ya kumi na tisa hakuna kitu,
kovu tu, jeupe, kama pumzi kwenye kioo.
"Na figo?" nikauliza.
Akafunga mkoba polepole, buckle ya kwanza, ya pili.
"Hizo," akasema, "hazikuwa kazi ya leo."

Jioni nimemvua ndoo.
Kajikung'uta, kaanguka ubavu, kainuka.
Upepo ukaja na mchanga wake wa kila siku,
naye akafumba macho yote mawili, sawasawa,
akayafumbua yote mawili.

Mimi bado naamka saa nane.
Nakaa kitandani, kidole gumba na cha shahada vimekutana
kama vimeshika chupa.
Pale mlangoni nasikia anakunywa maji,
anakunywa,
anakunywa.